Redio Zilizoandikwa Usinile

Jumatatu, 2 Juni

Vita vimetangazwa. Chai ilikuwa bado mdomoni! Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kasema chumba cha uani kiwe kitupu ifikapo Jumamosi. Yeye anakiita jaa. Mimi nakiita karakana, na ndilo jina lake, maana nilikuwa natengeneza redio humo tangu yeye hajajua kutembea. Sasa nimestaafu. Redio hazijastaafu. Zimejaa mpaka dirishani, na hilo dirisha lenyewe sikumbuki mara ya mwisho nililiona lini.

Sababu yake ni nzito, na hilo ndilo linaloniudhi. Mjukuu wangu anasoma chuoni habari za vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na anasomea juu ya meza ya jikoni, kati ya vitunguu na chupa ya mafuta. Juzi kapeleka kazi yake kwa mwalimu, mwalimu kaishika tu, kapiga chafya. Msichana mwenyewe hajaomba chumba. Ana adabu. Namwita Profesa, naye hakatai.

Mkwe katoa sheria: kilicho hai kitabaki, kilichokufa kitaondoka na Sumaku. Sumaku ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Ana mkokoteni wenye gurudumu linalolia, na pua inayonusa bati kutoka mtaa wa pili. Nikasema redio zangu zote zi hai, zimepumzika tu. Mkwe kachomeka moja kwenye umeme. Ikatoa moshi. Nikamwambia moshi ni dalili ya uhai, maiti haitoi moshi. Mwanangu alicheka, akaangaliwa, akaacha. Katika nyumba hii mwanangu ana cheo cha mgeni.

Sitoki. Hazitoki. Natafuta mbinu.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda jikoni kupeleleza. Nimemkuta Profesa kapanga vitunguu mezani na anavihutubia. Nikadhani masomo yamemzidi. Kumbe anajizoeza: Ijumaa atasimama mbele ya walimu wake aeleze jinsi seli inavyomtambua mwenzake anayekufa na kummeza. Nikamwambia seli ninayoijua mimi ina komeo na askari. Akasema hii ni nyingine. Mwili mzima umejengwa kwa hizo, kama nyumba kwa matofali, ila haya matofali yanazaliwa na kufa kila siku, mabilioni. Nikauliza maiti zote hizo zinazikwa wapi. Akasema hazizikwi, zinaliwa. Nikasogeza kiti.

Nayaandika kabla hayajanitoka. Seli ikiona siku zake zimekwisha, haifi ovyo. Kwanza inaachia vijidawa vinavyosambaa pembeni, maana yake nitafute. Seli walaji wanavisikia, wanakuja. Halafu kuna mafuta fulani, jina lake refu kama treni la mizigo, ambayo seli hai huyaficha upande wa ndani wa ngozi yake, kama bitana ya koti. Seli inayokufa hugeuza koti. Bitana nje! Mlaji akiigusa bitana anasoma neno moja: NILE. Na seli ambayo bado inajitaka imevaa kibao kingine juu ya ngozi: USINILE. Basi. Mwili mzima, na mbwembwe zake zote, unaendeshwa kwa vibao.

Nikauliza mlaji anasomaje na hana macho. Kwa vipokezi, akasema. Hapo nikasimama. Vipokezi! Unamwambia nani habari za vipokezi? Redio ni nini, kama si kipokezi? Nikamfundisha antena, nikamfundisha masafa, vitunguu viwili vikaanguka. Akanisikiliza kwa heshima, halafu akasema vile vya nitafute labda ningeweza kuvifananisha na matangazo, lakini hivi vya kusoma bitana ni kama viganja. Kiganja lazima kishike kitu chenye umbo lake. Kikishashika, habari inakimbia mpaka ndani ya seli, na ngozi ya mlaji inaanza kujinyoosha pande zote mpaka imfunike marehemu. Nikasema hata redio zangu, ukizishika pale panapostahili, habari inakimbia na ngozi inajinyoosha.

Nimetoka jikoni na hazina. USINILE. Mkwe ana sheria yake, mwili una yake, na ya mwili ni kongwe zaidi.

Jumatano, 4 Juni

Nimekata maboksi ya viatu tangu asubuhi. Kufika adhuhuri kila redio ina kibao shingoni: USINILE. Chumba kimekuwa kama mkutano wa kuku siku ya harusi. Nimejisikia mwanasayansi.

Mkwe kaingia, kasoma, katoka, karudi kusoma tena. Akauliza ni nani katika nyumba hii mwenye mpango wa kula redio. Nikamjibu kwamba vibao havikuandikiwa watu, vimeandikiwa vipokezi. Akasema kipokezi cha nyumba hii ni yeye.

Halafu Sumaku. Sikumwita! Nilikuwa najaribu ile redio kubwa ya mbao, ikakohoa krrrr moja ndefu, na papo hapo nikasikia gurudumu linalia getini. Nitafute hiyo. Redio yenyewe imenisaliti. Sumaku kaingia, kasoma kibao kwa silabi, kaegemea mkokoteni kucheka. Akasema yeye hali, yeye anapima. Kisha kanitazama kuanzia kandambili hadi kofia.

"Na wewe, mzee wangu, ukizidi kukaa tuli hivyo, nitakuweka kwenye mizani."

Sijamjibu. Jibu limekuja baadaye, nikiwa chooni, na lilikuwa zuri sana.

Profesa karudi jioni. Kacheka mpaka machozi. Kisha akaacha, akakaa juu ya kizingiti, akaniambia taratibu:

"Babu, ziko seli zinazofanya hivi hivi. Zimeharibika, zinapaswa kuondoka, lakini zinajibandika usinile kila mahali, na walaji wanazipita. Baadhi ya saratani ndivyo zinavyoishi."

Nimeitwa saratani na damu yangu mwenyewe, tena kwa upole. Hamu ya chai imekwisha. Nimekunywa vikombe viwili tu.

Akaongeza kwamba maiti isipoliwa mapema inapasuka, inamwaga sumu yake kwa majirani, na mahali pote panavimba. Nikasema za kwangu hazipasuki, ni redio za heshima. Nikaketi kwenye kigoda kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha. Kigoda kimelowa! Betri za zamani zilizokuwa rafuni zimevuja, zimetiririka, zimenisubiri. Makalio ya suruali yana tundu sawasawa na kinywa cha mtoto. Nimekwenda chumbani kwangu kinyumenyume. Mkwe akauliza kulikoni. Nikasema mazoezi ya wazee, nimeyasikia redioni.

Alhamisi, 5 Juni

Mbinu mpya. Vibao havina maana kwa watu wasiosoma sayansi. Nimehamishia redio kitandani kwangu, zote zilizoenea, nikazilaza kwa urefu, nikazifunika blanketi. Kwa mbali ni mzee amelala. Hakuna mkwe mwenye malezi atakayemfunua baba mkwe wake. Kazi safi! Nikatoka uani kujipongeza na kuota jua.

Kosa dogo. Mkwe alikuwa amekwisha kuchungulia chumbani na kuona nimelala. Akaja uani, akanikuta. Akanitazama mimi. Akarudi kutazama kitandani. Akarudi.

"Baba," akasema, "mgonjwa huyu ana antena."

Tumezirudisha zote karakana. Mwanangu amenisaidia kubeba. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Alasiri nyumba imenukia mkate. Mkwe na Profesa wameoka vimkate vya mviringo vya kesho. Vimkate ndiyo seli. Kila kimoja kimechomekwa njiti yenye kibendera USINILE. Kimoja, kimekunjamana kama uso wangu, kimetengwa pembeni na kibendera chake: NILE. Mlaji ni shuka la kitanda. Profesa amelishonea viganja vidogo vya kitambaa, ndivyo vipokezi. Kesho kwenye mkutano shuka litatambaa mezani, viganja vitashika kile kimkate kikongwe, na walimu wataona. Nimeuliza kama vipo vya ziada. Vilikuwepo, nikapewa. Nimekula viwili kwa hasira, maana kesho kutwa ni Jumamosi.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya aibu na ya utukufu. Naandika kwa utaratibu.

Asubuhi nikaingia jikoni na njaa. Sinia ile pale. Mimi si mwizi. Kimkate cha kwanza kilisema usinile, nikakiacha. Cha pili usinile, nikakiacha. Vyote nikaviheshimu. Kisha nikafika kwa kile cha pembeni. NILE. Nikalitafakari neno kama msomi. Nani anasema? Kama anayesema ni mkate, basi mkate unaniomba niule. Kama anayesema ni mimi, basi mimi ndiye ninayeuliza: je, nile? Mkate unaomba, mimi naomba, mgogoro uko wapi? Nikakila.

Profesa kaingia makombo yakiwa bado ndevuni. Hakupiga kelele. Aliketi tu, akashika kichwa. Heri angepiga kelele! Vimkate vingine vyote vilikuwa laini na vyenye afya, jiko lilikuwa baridi, na walimu walikuwa wanamsubiri asubuhi ile ile. Nikamweleza kwamba neno lenyewe lina walakini, halisemi kama ni la mliwa au la mlaji. Akainua uso.

"Babu, vipokezi vyako wewe vinasoma kila kitu kuwa chakula."

Sikuwa na jibu hata la chooni. Ndipo nikasikia mdomo wangu unasema nitakuwa mimi. Mimi ndiye seli inayokufa. Umri ninao, mikunjo ninayo, na suruali nimeshaliwa. Profesa akanitazama sana, akatabasamu nusu. Akanitundikia kibao kifuani, NILE, herufi kubwa. Koti nimeligeuza bitana nje. Hilo ni wazo langu mwenyewe, liandikwe.

Alitangulia na sinia, akienda mbio. Mimi nyuma, kwa mwendo wa marehemu. Kinyozi akatoka kibandani kwake, akanisoma, akanitia ndizi mkononi bila neno. Nikashangaa ukarimu. Mbele kidogo mama wa mgahawa akanishika mkono wa koti, akanikalisha kwenye benchi, akaniletea bakuli la maharage na chai. Akawaambia wateja wake kwamba mzee wa watu ameona haya kuomba kwa mdomo, ameandika. Hapo nikaelewa! Wote walikuwa wanasoma naomba nile. Nilitaka kumsahihisha, lakini mdomo ulikuwa na maharage.

Akaniuliza kama sina watoto. Nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba hapana, si kweli kwamba sina. Yeye akaelewa hapana, sina. Sekunde hiyo Profesa akarudi kunitafuta, akaniita babu. Mgahawa mzima ukamgeukia. Wakamwangalia kama anayemnyima babu yake hata makombo. Akasema ni sayansi. Dereva mmoja akasema siku hizi hata njaa inaitwa sayansi. Nikaondolewa bakuli likiwa halijaisha.

Chuoni. Ukumbi mdogo, madirisha makubwa, walimu mstari wa mbele. Mkubwa wao ni mama mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Profesa alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Lakini alipoanza, alianza. Ya nitafute, ya bitana, ya viganja. Akaleta shuka, akaweka kiganja cha kwanza cha kitambaa kwenye bega langu, kikashika bitana, kisha cha pili, kisha cha tatu, na shuka likapanda kwangu pande zote mpaka likafungana juu ya kofia. Nikamezwa mbele ya watu wenye shahada.

Humo ndani ni peupe, na pananukia sabuni na mkate. Mikono yake ilikuwa imenizunguka kwa nje. Nikamsikia akisema kwamba mlaji akishameza hafanyi fujo. Anawatuliza majirani. Anachukua vipande vizuri vya marehemu na kuvitumia tena, hakuna kinachotupwa. Mlaji mwema, akasema, ni kimya.

Nikapiga mbweu. Maharage.

Ukumbi uliangua kicheko. Profesa hakupepesa, akasema isipokuwa huyu. Kisha kicheko kikaisha, na mwalimu wa miwani akauliza swali lake. Je, kibao cha nile peke yake kinatosha? Seli hai haiwezi kukionyesha isiliwe?

Nilikuwa nasikia pumzi yake kupitia shuka. Swali hilo hakuwa amelijibu kwa vitunguu. Nikawaza meza ya jikoni, na karatasi zenye mafuta, na chumba kizima cha uani kinachokaliwa na redio zisizosema kitu. Sikupenda nilichowaza.

Ghafla mwanga. Kanifunua kichwa.

"Mwalimu, huyu amevaa nile tangu nyumbani, na hakuna aliyemla. Wamemlisha. Kibao kimoja hakitoshi. Seli hai inaweza kuonyesha bitana kidogo ikaachwa, kama usinile yake bado ipo, maana mlaji anazisoma alama zote kwa pamoja. Na babu yangu hajanyamaza tangu asubuhi. Hiyo ndiyo usinile yake."

Mwalimu alivua miwani kufuta macho. Kasema kuanzia wiki ijayo Profesa ataanza kufanya kazi katika maabara yake, na kwamba nyumbani ajitafutie mahali tulivu pa kusomea. Kila mtu alipiga makofi. Mimi sabuni ya shuka iliniingia machoni, yote mawili.

Vimkate vya usinile tumevila njiani, tukirudi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimevua vibao mwenyewe, kimoja kimoja. Mkwe akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nikamwita Profesa, nikampa bisibisi. Nikamwambia tusipeleke marehemu kabla hatujachukua vipande vizuri. Tumefungua zote. Spika tumeitoa kwenye ile iliyokunywa maji, nyaya kwenye ile iliyotoa moshi, vitufe kwenye ile ndogo ya kijani. Vyote vikaingia kwenye ile kubwa ya mbao. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, basi mimi nilielekeza, yeye akachomelea. Ana mkono mwepesi. Aliurithi kwangu, ingawa baba yake katikati hakupata kitu.

Tukawasha. Ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena, na mwanamke mmoja akaanza kutangaza sabuni ya kufulia, safi kabisa, kama amesimama humo ndani. Mkwe akaja akijifuta mikono, akiuliza mgeni ni nani. Akasimama mlangoni, akasikiliza tangazo la sabuni mpaka mwisho.

"Hii iko hai, baba. Inabaki."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuitetea. Nikaomba niitoe hata hivyo. Ikakataliwa.

Sumaku alipofika nilimsaidia kupakia. Kila moja nimeipiga kofi dogo mgongoni. Akaniuliza kama ningependa kusema neno la mwisho. Nikamwambia lile jibu langu la Jumatano. Limechacha, halikumchekesha.

Baada ya kufagia, dirisha limeonekana! Linatazama ukuta wa jirani na kamba ya nguo, lakini ni dirisha, na jua linaingia. Meza ya Profesa imekaa hapo. Redio iko kwenye kizingiti cha dirisha. Nimesimama mlangoni nikitazama mpaka akaniuliza kama nimepotea.

Jumapili, 8 Juni

Nyumba tulivu. Profesa anasoma, redio inaongea chini chini. Mkwe kanipa kimkate bila kuombwa, hakina kibendera. Mezani nimetangaza kwamba nimejifunza: kilichokufa kiende, kizuri chake kibaki. Mwanangu akasema amina.

Mchana nimepita kwa Sumaku. Kuzisalimu tu. Ana uwanja mkubwa nyuma ya duka lake, vitu vimelala marundo marundo. Na pale, chali, nimeikuta saa ya ukutani, imesimama sijui tangu lini. Pembeni yake feni isiyo na mapanga. Pembeni ya feni, pasi mbili. Sikuzitafuta! Zenyewe ndizo zilizosema nitafute, nami vipokezi ninavyo. Sumaku hakubisha.

"Chukua, mzee wangu. Utanirudishia mwenyewe."

Hanijui huyu.

Zimo ndani ya sanduku, chini ya kitanda changu. Mkwe alikitaja chumba cha uani. Kitanda hakukitaja. Na safari hii sikuandika USINILE, ndivyo saratani zinavyojulikana. Nimeandika VITABU VYA PROFESA. Nani atagusa? Nimejisifu jioni nzima.

Tatizo dogo. Profesa kaja sasa hivi kunitakia usiku mwema, kaona pembe ya sanduku, kasoma. Macho yakamlowa. Hakujua kwamba nimemtunzia vitabu vyake vya utotoni. Anataka avipange kwenye chumba chake kipya leo hii hii. Amekwenda kumwita baba yake waje walibebe.

Nimelivuta sanduku na kulikalia. Naandika upesi. Na sasa, jamani, saa imefufuka! Inagonga humo ndani, tak, tak, tak. Iko hai, na sheria inajulikana: kilicho hai kinabaki. Nilijua tangu mwanzo. Ila nyayo zinakuja, na za mkwe zimo. Wakiuliza sauti hiyo ni ya nini, nitasema ni tumbo.